Cavaliers 15-0 kisha Boston: kipi cha kuamini baada ya mwezi mmoja wa NBA 2024/25?

#1 Fundi Ubao, 20 Novemba 2024

Wakuu, salaam.

Leo alfajiri Boston Celtics wamewafunga Cleveland Cavaliers (Cavs) 120-117 na mbio za 15-0, yaani ushindi 15 bila kupoteza, zimeishia hapo. Kabla ya makelele ya "tulisema" hayajaanza, naomba tulijadili jambo hili kiufundi.

Hoja yangu ni kwamba mwanzo huu wa Cavs ni kazi ya kocha. Nguzo ni zilezile nne za msimu uliopita: Mitchell, Garland, Mobley na Allen. Max Strus ni majeruhi, hajagusa mpira hata mechi moja. Aliyebadilika ni mwenye ubao: J.B. Bickerstaff kaenda Detroit, akaingia Kenny Atkinson.

Mtazameni Mobley. Zamani yeye na Allen walikuwa wanabanana chini ya ringi, beki mmoja anawalinda wote wawili kwa kunyoosha mikono tu. Sasa Allen anasimama kwenye mstari wa mwisho, hatua moja nje ya eneo la rangi (kisanduku kilicho chini ya ringi), na Mobley anaanzia juu kabisa. Akidaka rebaundi hamtafuti gadi wa kumpa, anaudunda mwenyewe mpaka upande wa pili. Halafu kuna ule mchezo wa kinyume: Garland, mfupi wao, ndiye anayekwenda kumwekea skrini beki wa Mobley, yaani kusimama njiani amzuie. Mabeki wakibadilishana, Mobley anabaki na mtu mfupi mbele yake, mita nne au tano kutoka ringini. Wasipobadilishana, Garland anachomoka kwenda nje na tatu (mtupo wa pointi tatu) iko wazi. Na Allen yuko palepale mstari wa mwisho: beki wake akipanda kusaidia, pasi moja ya juu, kazi imekwisha.

Mnaiamini timu hii? Na ni timu gani nyingine iliyowapa picha ya uongo mwezi huu?

#2 Zoni23

Mkuu Fundi, ubao unausoma vizuri, ila umesahau kusoma ratiba.

Hesabu nami: Raptors, Pistons, Wizards, Nets, Hornets, Bulls mara mbili. Hizo saba. Ongeza Sixers bila nyota wao Embiid wala Maxey, ongeza Magic waliokuwa wametoka kumpoteza Banchero kwa msuli wa ubavu siku mbili tu kabla. Tisa kati ya 15. Pelicans nao walikuwa wamejaa majeruhi. Bucks waliokuwa hoi waliwasumbua mara mbili, 114-113 na 116-114, na ile ya kwanza Mitchell aliipata saa ikiwa imebaki sehemu ya sekunde.

Mechi ya kwanza dhidi ya mkubwa mwenzao, ugenini, wamefungwa. Mimi naona timu nzuri iliyopewa njia laini.

#3 Tarakimu

Zoni23 na Fundi, wote mna kipande cha ukweli. Naleta vipimo.

Baada ya mechi 15 kuna namba zinazoaminika na kuna namba za kusubiri. Zinazotulia mapema ni zile ambazo timu inaziamua yenyewe: inapiga tatu ngapi kwa mechi, inapiga kutoka wapi, inacheza kwa kasi gani, nani anacheza dakika ngapi, na inapeleka watu wangapi kwenye rebaundi ya mbele. Kocha akisema "pigeni", utaliona hilo ndani ya wiki mbili.

Zinazochelewa ni asilimia. Asilimia ya tatu, na hasa asilimia ya tatu za wapinzani wako, mitupo huru ya wapinzani, na ushindi wa pointi mbili tatu.

Fanya hesabu. Timu inapiga tatu 37 kwa mechi, mara 15 ni 555. Kama uwezo wake halisi ni asilimia 36, kwa bahati tu inaweza kuonekana ya 32 au ya 40 bila mtu yeyote kubadilika. Cavs sasa wako juu ya 40. Msimu uliopita walimaliza karibu na 37. Tuseme warudi hukohuko: kwa kila mechi wanapoteza mitupo isiyofika miwili, yaani kama pointi 5.

Mpaka leo alfajiri walikuwa wanashinda kwa wastani wa pointi kama 12. Toa 5, inabaki 7. Kanuni ya mkato ni kwamba kila pointi moja ya tofauti huleta ushindi kama 2.5 juu ya 41, nusu ya mechi 82 za msimu. Saba inakupa 58 au 59. Kwa hiyo hata ukiwanyang'anya bahati yote, hii ni timu ya ushindi karibu 60. Ratiba laini nayo ina sehemu yake, lakini timu ya kawaida haiwafungi Warriors 136-117 ikiwa imekwenda mapumzikoni na uongozi wa pointi 41.

#4 Bao la Saa Sita

Hii ni mara ya kwanza tangu Bulls wa Jordan wa 72-10 timu kuanza 15-0. Heshima yao jamani.

#5 Kumbukumbu

Hapana mkuu #4. Bulls wa 1995/96 walipoteza mapema kabisa, kwa Orlando, hata mechi kumi hazijafika.

Walioanza 15-0 kabla ya Cavs ni watatu tu. Washington Capitols 1948/49 chini ya Red Auerbach, Houston Rockets 1993/94 wa Hakeem Olajuwon, na Golden State Warriors 2015/16 waliofika 24-0. Capitols walifungwa fainali na Minneapolis Lakers. Rockets walichukua ubingwa. Warriors wakafungwa fainali ya 2016 na Cleveland hawahawa. Wote watatu walifika fainali, ubingwa kachukua mmoja.

#6 Bao la Saa Sita

Shukrani kwa sahihisho. Basi wakifika fainali mnikumbuke.

#7 Kona ya Kushoto

Shabiki wa Boston naingia kwa adabu.

Mechi ya leo haikuamuliwa na mengi. Celtics wameingiza tatu 22, Cavs 10. Hizo ni pointi 36 za tofauti kwenye tatu peke yake, na bado tumeshinda kwa 3. Maana yake ni nini? Kila kitu kingine Cavs walitushinda, tena nyumbani kwetu. Na senta wetu Porzingis hajarudi bado kutoka majeruhi.

Tarakimu, kuhusu kuamua: Celtics ndio mfano bora wa unachosema. Usiku wa ufunguzi, tarehe 22 Oktoba, tuliwafunga Knicks 132-109, tukaingiza tatu 29 na kuifikia rekodi ya ligi iliyokuwa ya Bucks. Lakini tulipiga 61! Tukitafuta ya 30 tukakosa 13 mfululizo. Asilimia inapanda na kushuka, lakini wingi wa mitupo uko palepale. Tunapiga karibu 50 kwa mechi wakati wastani wa ligi ni kama 37.

Kwa macho ya karibu: usiku ule Towns, senta wa Knicks, alikuwa anabaki nyuma kwenye eneo la rangi kila skrini ilipowekwa kwa Tatum wetu. Tatum anatoka kwenye skrini, beki wake amenaswa, Towns yuko mita tatu nyuma. Anasimama, anapiga. Nane ziliingia. Atkinson leo hakuwa na dawa ya hilo kipindi cha kwanza. Cha pili Mobley alipanda juu zaidi na mechi ikabadilika.

#8 Fundi Ubao

#7 hiyo ndiyo hoja yangu. Alibadilisha katikati ya mechi na ikafanya kazi. Bickerstaff katika mfululizo wa mtoano wa Mei dhidi yenu alibaki na kitu kilekile.

#9 Zoni23

Mei Allen hakucheza hata mechi moja ya mfululizo ule kwa sababu ya mbavu, na Mitchell alikosa mbili za mwisho kwa msuli wa shavu la mguu. Usimhukumu Bickerstaff kwa kikosi cha nusu. Halafu mtazame Detroit sasa: mwaka jana walishinda mechi 14 msimu mzima, mwaka huu wanapigana kila usiku.

#10 Dada wa Rebaundi

Mnabishana kocha na ratiba, mmeruka dakika.

Mitchell msimu uliopita alicheza zaidi ya dakika 35 kwa mechi. Sasa ni kama 31. Atkinson anamtoa mapema robo ya kwanza ili aanze ya pili na benchi, Garland anabaki na Allen au Mobley, kisha wanabadilishana. Kwa hiyo karibu muda wote uwanjani kuna gadi mmoja mkubwa na mrefu mmoja mkubwa, na kile kipindi cha dakika nne tano ambapo benchi tupu linatupa uongozi hakipo. Ty Jerome anapata mpira mkononi akiwa na mtu wa kumwekea skrini ya kweli, ndiyo maana anaonekana mpya.

Hili halitegemei bahati ya tatu. Linategemea afya. Akiumia mmoja wa wale wanne, mpango wote unayumba, maana mwingine itabidi avute dakika 36.

#11 Tarakimu

#10 umepiga penyewe. Dakika nilizitaja kwa neno moja tu, na zinastahili zaidi.

#12 Mzee Kwota

Tarakimu, swali. Unasema asilimia ya tatu ni bahati. Lakini kama mchezo wa Mobley alioueleza Fundi unazalisha mitupo iliyo wazi zaidi, asilimia si itapanda kihalali? Tatu ya kona ni mita 6.70, ya juu ni 7.24. Nusu mita si kitu kidogo, na anayepiga akiwa amesimama, miguu imeshajipanga, si sawa na anayepiga akitoka kudunda. Ukihamisha mitupo kumi kutoka aina moja kwenda nyingine umebadilisha uwezo wenyewe, siyo bahati.

#13 Tarakimu

Hoja nzito, naikubali kwa sehemu. Mitupo bora hupandisha asilimia, ila kwa pointi moja au mbili, si tano. Hata timu zinazotengeneza tatu nzuri kuliko zote ni nadra kumaliza msimu juu ya 40; kufika 39 tu ni mafanikio makubwa. Kwa hiyo gawanya: asilimia mbili za Atkinson, zilizobaki ni upepo.

#14 Mzee Kwota

Hapo tunakaribiana, ila mimi namwachia Atkinson tatu.

#15 Pwani Hoops

Niaje wakuu. Kutoka Mombasa huku. Mobley nilijua atafika, si bure alichaguliwa wa pili kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi). Swali langu ni Oklahoma (Thunder). Senta wao Chet amevunjika nyonga na bado wanashinda, wanafanyaje bila senta?

#16 Kumbukumbu

Mobley alikuwa wa tatu, drafti ya 2021. Cade Cunningham wa kwanza, Jalen Green wa pili. Wa pili tunayemjua sisi ni Mtanzania Hasheem Thabeet, 2009, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden.

#17 Mkanda wa Ulinzi

#15, Oklahoma nitakujibu kwa kirefu maana hapa ndipo penye darasa la msimu huu.

Hartenstein alivunjika mkono wa kushoto kwenye mechi za maandalizi. Chet akaanguka tarehe 10 Novemba dhidi ya Warriors. Jaylin Williams naye nje. Warefu watatu. Kocha Mark Daigneault akamweka Jalen Williams, mtu wa mita 1.96, arukie hata mpira wa kuanzia.

Ulinzi wao unasimama hivi. Kwanza, mpira unabanwa kabla haujafika kwa senta wa wapinzani: Dort, Wallace na Caruso wanamkaba mpiga pasi kwa karibu mno kiasi kwamba pasi ya kuingiza ndani inachelewa sekunde mbili. Pili, anayemlinda senta hasimami nyuma yake, anasimama mbele, kati yake na mpira. Ukitaka kumpa lazima urushe juu. Tatu, ukirusha juu, mtu wa upande usio na mpira ameshaanza safari kutoka mstari wa mwisho. Mpira unaporudi chini unamkuta yeye.

Kinachoharibika ni rebaundi. Beki aliye mbele ya senta hana nafasi ya kumzuia kwa mgongo mtupo ukikosa, kwa hiyo wapinzani wanapata nafasi ya pili na ya tatu. Wanafidia kwa kuiba: kila mpira wanaonyakua ni mtupo ambao mpinzani hakuupata kabisa. Wakikutana na timu isiyopoteza mpira hovyo, hesabu inawageukia. Caruso walimpata kwa kumtoa Josh Giddey, na kwa ulinzi huu mabadilishano yale ndiyo bora ya kiangazi kizima kwangu.

Hartenstein anatarajiwa kurudi usiku wa leo dhidi ya Portland.

#18 Mwana wa Goma

Jambo kwenu ndugu. Kwa kuwa mmetaja drafti ya 2021, wa saba alikuwa Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma. Mbona hamumsemi? Warriors wanashinda, yeye kaanza mechi za mwanzo kisha kocha Kerr akamrudisha benchi. Haki iko wapi?

#19 Kisiwa24

Ndugu wa Goma, pole, ila tazama kiufundi. Kerr anazungusha watu 12 mpaka 13, jambo ambalo karibu hakuna kocha analifanya kwenye ligi hii. Ukimweka Kuminga pamoja na Draymond na senta kama Looney au Jackson-Davis, watatu hao hawaogopwi kwenye tatu. Beki anaacha mtu na kumfuata Curry. Akiingia na Hield upande mmoja, Kuminga ana njia ya kwenda ringini. Kwenye benchi anapata mpira zaidi kuliko angepata kwenye kikosi cha kwanza.

#20 Mwana wa Goma

Nimekuelewa, lakini sikubali. Mchezaji wa nguvu za namna ile anahitaji dakika 30 za uhakika ili ajue lini apige na lini atoe pasi. Dakika zikienda zikirudi, kila akishika mpira anataka kuthibitisha jambo, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Tena mkataba mpya hawakukubaliana Oktoba, wakati Moody alisaini wake. Kijana anacheza huku anahesabiwa.

#21 Msomaji Kimya

Samahani kutoka nje kidogo. Mechi za jioni kule Marekani zinaanza saa ngapi huku sasa hivi? Naona muda umebadilika.

#22 Kisiwa24

Walirudisha saa nyuma tarehe 3 Novemba. Saa moja jioni New York ni saa tisa usiku Dar, Nairobi na Kampala, saa nane usiku Goma, Kigali na Bujumbura, saa kumi alfajiri Muscat. Za California za saa moja na nusu usiku kwao ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku kwetu.

#23 Msomaji Kimya

Asante sana.

#24 Dada wa Rebaundi, 21 Novemba

Kuhusu picha za uongo alizouliza Fundi: Philadelphia (Sixers). Wameshinda 2 katika 14 za kwanza. Watu wanasema kikosi kimekufa. Mimi nasema hatujakiona. George aliumia goti kwenye maandalizi, Embiid alianza kucheza tarehe 12 Novemba baada ya goti kisha adhabu ya mechi tatu, Maxey akachana msuli wa nyuma ya paja. Kilicho halisi pale ni Jared McCain, aliyechaguliwa wa 16: Cavs hawahawa wa 15-0 aliwafunga 34.

Ila tuzo za Embiid mzisahau. Sheria inadai mechi 65, yaani unaruhusiwa kukosa 17 tu, na yeye ameshakula sehemu kubwa ya hizo.

#25 Zoni23

Na Milwaukee (Bucks)? Walianza 2-8. Hao nao "hatujawaona"?

#26 Dada wa Rebaundi

Nusu. Middleton alifanyiwa upasuaji wa vifundo vyote viwili na bado hajarudi. Lakini ulinzi wao wa nje ni tatizo la kweli, siyo la bahati: Lillard anapitwa kwenye hatua ya kwanza, Brook Lopez anabaki chini, tatu inapigwa katikati yao. Giannis alilazimika kufunga 59 ili kuifunga Detroit, tena kwa muda wa nyongeza.

#27 Pwani Hoops

Usiku uleule, tarehe 13, Wembanyama (Wemby) wa Spurs akawafunga Wizards 50, tatu 8 kati ya 16. Lakini jamani, mtu mrefu kuliko wote uwanjani kwa nini anapiga tatu karibu tisa kila mechi? Kocha wake Popovich angekuwa pale angeruhusu?

#28 Mkanda wa Ulinzi

Popovich alipatwa na kiharusi tarehe 2 Novemba, tumwombee afya. Mitch Johnson anaendesha timu kwa mpango uleule, kwa hiyo ruhusa ilikuwepo tangu mwanzo.

Tatu za Wemby zina kazi hata zikikosa: senta wa mpinzani analazimika kutoka kwenye eneo la rangi, na Chris Paul anapata uwanja mpana wa kupenyeza pasi. Ninalolipinga mimi ni aina yake. Ile ya kusimama akipokea pasi, sawa. Ile ya kudunda mara tatu, kurudi hatua nyuma na kupiga sekunde 15 zikiwa bado kwenye saa ni zawadi kwa beki, maana beki yeyote anaomba asiende ringini.

#29 Mzee Kwota

Siafiki. Asipozijaribu akiwa na miaka 20 kwenye timu isiyodaiwa ubingwa, atazijaribu lini?

#30 Kona ya Kushoto, 25 Novemba

Cavs wamefunga Pelicans 128-100 na Raptors 122-108 tangu tuwafunge. 17-1. Nawaheshimu.

Knicks nao mnawaonaje? Mikal Bridges walimtolea nafasi tano za drafti za raundi ya kwanza, na kwenye maandalizi aliingiza tatu 2 kati ya 19. Ukitazama mkono wake, mpira unapanda mpaka juu ya paji la uso, unasita kidogo, ndipo unatoka. Kusita huko kunakata nguvu ya miguu: miguu imeshamaliza kuruka, mkono ndio kwanza unaanza. Mitupo mingi inagonga ringi ya mbele.

#31 Fundi Ubao

Anabadilisha mtupo msimu ukiwa unaendelea, na hiyo ni kazi ya miezi. Mimi ningesubiri Januari. Kocha wao Thibodeau akiendelea kumchezesha dakika zile zote, mapumziko ya miguu hayatapatikana.

#32 Zoni23, 28 Novemba

Fundi, Tarakimu, mko wapi? Atlanta (Hawks) wameingia Cleveland na kushinda 135-124. Trae Young pasi za mabao 22!

Na Warriors wenu wa 12-3 wamepoteza tatu mfululizo, Spurs, Nets na Thunder.

#33 Tarakimu

Tupo. 17-2 bado iko juu ya makadirio yangu ya 58, kwa hiyo mechi moja hainitikisi. Ila Warriors umenena: Hield hawezi kuendelea kupiga kama wiki zile mbili za kwanza, na kuumia kwa Melton goti kumewaondolea mlinzi wa pembeni yao Curry. La kwanza ni upepo, la pili ni hasara ya kweli.

#34 Mkanda wa Ulinzi

Ile ya Atlanta msiipite haraka. Pasi 22 hazitokani na bahati ya mpinzani peke yake. Trae akitoka kwenye skrini anataka Allen afanye uamuzi. Allen akibaki chini, Trae anasogea mpaka mstari wa mitupo huru na kuelea, au anarusha juu kwa senta wao Capela. Allen akipanda, mtu wa kona anaachwa wazi maana msaidizi ameshashuka. Boston walilifanya hilo kwa mtupo, Atlanta wamelifanya kwa pasi. Ni tundu lilelile.

#35 Fundi Ubao

Nakubali tundu lipo. Dawa ninayoiona ni Mobley kumlinda mwekaji skrini na Allen kuhamia kwa mtu wa kona asiyepiga vizuri. Mobley anaweza kubadilishana na kumkaba Trae mwenyewe kwa sekunde tano sita.

#36 Dada wa Rebaundi

Ukimtoa Mobley mpaka mita nane kutoka ringini, nani anachukua rebaundi? Jalen Johnson wa Hawks anaruka kama chemchemi. Utaziba tundu moja na kufungua jingine.

#37 Kumbukumbu

Wanakutana tena kesho, mara hii Atlanta, na ni mechi ya Kombe la NBA (mashindano ya makundi ndani ya msimu) kwenye kundi moja na Boston. Hawks walishawafunga Celtics 117-116 tarehe 12, tena bila Trae. Timu zikilingana kwa ushindi na mechi zao wenyewe zikashindwa kuamua, inatazamwa tofauti ya pointi, kwa hiyo msishangae mtu akipiga tatu sekunde za mwisho akiwa mbele kwa 10.

#38 Kona ya Kushoto

Basi kesho nawashangilia Cavs kwa moyo wote, maana Hawks wakifungwa sisi tunapumua. Fundi, hiyo dawa yako Atkinson ataijaribu tangu robo ya kwanza au atasubiri afungwe kwanza?

#39 Fundi Ubao

Tazama skrini ya kwanza ya mechi. Kama Allen ndiye aliye na Capela, ujue hajaijaribu.